Hospitali iko karibu, lakini mlango una kufuli: Walatino wa Marekani na shida ya kujitibisha

Huku kwetu Kivu, Ituri ao Tanganyika, mtu akisema kwamba kujitibisha ni shida, tunamuelewa mara moja. Barabara imeharibika. Kituo cha afya hakina dawa. Muganga amekimbia vita. Kitu chenyewe hakipo.

Lakini kuna nchi ambako hospitali zipo, mashine zipo, dawa zipo, waganga wa kila aina wapo, na hata hivyo mamilioni ya watu wanaishi pembeni ya hospitali bila kuingia ndani. Nchi hiyo ni Marekani. Watu wenye tutazungumzia leo ni wale wanaoitwa Wahispania wa Marekani, ao kwa jina fupi Walatino.

Msomaji anaweza kuuliza: mambo ya Walatino yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu juu ya ndugu zetu. Kwa miaka mingi, mpaka mwaka 2024, Kongo ilikuwa nchi ya kwanza ao kati ya nchi za kwanza katika kutoa wakimbizi wenye walipokelewa Marekani. Katika mwaka wa fedha 2024 peke yake, karibu Wakongomani 20,000 waliingia kwa njia hiyo, wengi wao wakitoka kambi za Tanzania, Burundi, Rwanda na Uganda. Wanaishi mitaa ileile na Walatino, wanafanya kazi katika viwanda vilevile, wanakaa kwenye viti vilevile vya kungojea muganga. Njia yenye Mlatino anapita leo, mtoto wa Uvira anaweza kuipita kesho. Na kuna tarehe moja katika sheria mpya ya Marekani yenye kila familia yenye mtu kule inapaswa kujua. Tutafika hapo.

Walatino ni nani?

Ni watu wenye asili yao iko Meksiko, Puerto Rico, Kuba, El Salvador, Guatemala, Jamhuri ya Dominika na nchi zingine zenye kutumia Kihispania. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilikuta wako zaidi ya milioni 62, maana yake karibu mtu 1 kati ya 5 katika Marekani yote. Wenye asili ya Meksiko njo wengi zaidi, karibu 6 kati ya 10.

Tuondoe kosa moja mara moja. Watu wengi, hata kule Marekani, wakisikia Mlatino wanafikiri mtu aliyevuka mpaka usiku bila karatasi. Si kweli. Karibu 8 kati ya 10 ni raia wa Marekani. Watu wa Puerto Rico ni raia tangu mwaka 1917. Wengine mababu zao walikuwa Texas na California mbele hata bendera ya Marekani ifike pale, wakati nchi hiyo ilikuwa ya Meksiko.

Lakini ndani ya nyumba moja unaweza kukuta baba hana karatasi, mama ana kadi ya mkaaji wa kudumu, na watoto watatu ni raia kwa sababu walizaliwa pale. Familia ya namna hiyo inakula chungu kimoja, lakini mbele ya dirisha la hospitali ni watu wa aina tatu. Shika neno hilo, maana shida nyingi zinatokea hapo.

Kufuli ya kwanza: asiransi

Marekani hakuna mpango mmoja wa serikali wa kutibisha kila mtu. Kuna asiransi ya afya, ile wengine wanaita bima, na mtu anaipata kwa njia mbalimbali. Karibu nusu ya watu wanaipata kupitia kazi: bwana kazi analipa sehemu, mfanyakazi sehemu. Wazee wa miaka 65 na zaidi wako na mpango wa serikali unaoitwa Medicare. Watu wa kipato kidogo wako na mwingine unaoitwa Medicaid. Mipango hiyo miwili ilizaliwa kwa sahihi ya rais Lyndon Johnson mwaka 1965. Wenye hawaingii popote wanapaswa kujinunulia asiransi sokoni.

Sasa angalia Walatino wanafanya kazi gani. Mashambani, karibu wafanyakazi 3 kati ya 4 ni Walatino. Wako wengi katika ujenzi wa nyumba, katika jikoni za mikahawa, katika usafi wa maofisi na mahoteli. Ni kazi ngumu, lakini mara nyingi ni kazi zenye bwana kazi hatoi asiransi. Leo uko kwa huyu, mwezi kesho uko kwa mwingine, unalipwa kwa siku ao kwa kipande. Mtu anafanya kazi masaa 60 kwa wiki, na akiumwa jino anameza dawa ya maumivu na kurudi shambani.

Matokeo yake yako wazi katika hesabu. Mwaka 2013, kati ya Walatino wenye miaka 18 hadi 64, karibu 4 kati ya 10 hawakuwa na asiransi yoyote. Kisha ikaja sheria ya rais Barack Obama, iliyosainiwa mwezi wa tatu 2010 na kuanza kazi kamili tarehe 1 Januari 2014. Serikali ikaanza kusaidia watu kununua asiransi, na Medicaid ikafunguliwa kwa watu wengi zaidi. Kufika mwaka 2023, ile 4 kati ya 10 ikawa karibu 1 kati ya 4. Bado ni mbaya: kwa wazungu ni chini ya 1 kati ya 10. Lakini katika miaka kumi, mamilioni ya watu walipata mlango.

Hiyo ni jambo la kukumbuka. Walatino hawakubadilika katika ile miaka kumi. Hawakuacha lugha yao, hawakuhama mashamba. Kilichobadilika ni sheria.

Kwa nini basi haikushuka zaidi? Kuna sababu kubwa mbili. Ya kwanza: mwaka 2012 mahakama kuu ya Marekani iliamua kwamba kila jimbo lina haki ya kukataa kupanua Medicaid. Mpaka leo majimbo 10 yamekataa, na kati yao kuna Texas na Florida, ambako Walatino ni wengi sana. Kule Texas, mtu mzima asiye na mtoto wala ulemavu hawezi kupata Medicaid hata akiwa maskini namna gani. Njo maana Texas iko jimbo lenye sehemu kubwa kuliko yote ya watu wasio na asiransi.

Sababu ya pili: mtu asiye na karatasi amefungiwa kabisa. Si Medicaid tu. Hata akitaka kununua asiransi kwenye soko la serikali kwa pesa yake mwenyewe, bila msaada wa hata dolari moja, sheria inamkatalia. Na hata mwenye kadi ya mkaaji wa kudumu, kufuatana na sheria ya mwaka 1996, mara nyingi anangoja miaka 5 mbele ya kuruhusiwa kuomba Medicaid. Analipa kodi miaka yote hiyo, lakini anangoja.

«Lakini si wanapokelewa kwa dharura?»

Ndiyo. Kuna sheria ya mwaka 1986 inayolazimisha karibu kila hospitali yenye chumba cha dharura kumpima mtu yeyote anayefika, awe na pesa ao hana, awe na karatasi ao hana, na kumtuliza kama maisha yake iko hatarini. Ni sheria nzuri, na sisi wenye tunajua hospitali zinazodai caution mbele ya kumgusa mgonjwa tunaweza hata kuitamani.

Lakini tofautisha mambo mawili: kumtuliza mtu na kumtibisha. Sheria inasema atulizwe. Haisemi apone.

Mfano unaoonyesha vizuri ni ugonjwa wa figo. Figo zikikufa, mtu anapaswa kusafishwa damu na mashine, kwa kawaida mara 3 kwa wiki. Katika majimbo mengi, mtu asiye na karatasi hana nafasi ya kupangiwa siku. Anapaswa kungoja nyumbani mpaka sumu ijae mwilini, ashindwe kupumua, ao moyo uanze kuenda vibaya. Hapo njo inakuwa «dharura», na hapo njo anafunguliwa mlango. Anasafishwa, anarudishwa nyumbani, na baada ya siku chache anaanza tena kuzama. Kila wiki anapaswa kukaribia kufa ili apate haki ya kuishi wiki ingine.

Waganga walifuata wagonjwa wa namna hiyo kule Denver, Houston na San Francisco. Utafiti wao ulitoka mwaka 2018. Ndani ya miaka 5, hatari ya kufa kwa wale wa dharura peke yake ilikuwa karibu mara 14 kuliko kwa wale waliosafishwa kwa ratiba. Mashine ni ileile, na nchi ni ileile. Na tena, dharura inakula pesa nyingi kuliko ratiba, kwa sababu mgonjwa anafika akiwa amevunjika kabisa na anahitaji kitanda. Mwaka 2019, jimbo la Colorado likabadilisha tafsiri ya kanuni zake: likasema figo zilizokufa ni dharura kila siku, si siku ya kuzama tu. Wagonjwa wakapangiwa siku. Hawakujenga hospitali mpya. Walibadilisha maana ya neno moja kwenye karatasi.

Kuna pia fakitire. Huku kwetu mama anaweza kuzaa kisha akashikwa hospitali na mtoto wake wiki nzima ao zaidi, mpaka familia ikusanye pesa. Marekani hawamshiki mtu kitandani. Anaachiliwa, lakini fakitire inamfuata nyumbani, inauzwa kwa makampuni yanayodai madeni, na inaweza kumharibia jina lake hata kukodi nyumba iwe shida. Kwa hiyo mtu anajifunza: mara ingine nikiumwa, nitavumilia.

Kufuli ya pili: ulimi

Tuchukue kisa kimoja kinachofundishwa mpaka leo katika shule za waganga na za wakalimani. Mwaka 1980, kusini mwa Florida, kijana wa miaka 18 alifikishwa hospitali akiwa hajitambui. Familia yake ilikuwa ya asili ya Kuba. Walisema yuko «intoxicado». Kwa Kihispania cha Kuba, neno hilo linaweza kumaanisha kwamba mtu amekula ao amekunywa kitu kibaya na kinamsumbua mwilini. Waganga wa Kiingereza walisikia karibu na neno lao la kulewa madawa ya kulevya. Hawakuita mkalimani, kwa sababu kila mtu alifikiri ameelewa. Wakamtibisha kama mtu aliyejizidishia madawa. Kumbe damu ilikuwa inavuja ndani ya ubongo. Walipogundua, zilikuwa zimepita siku. Kijana akabaki amepooza mikono na miguu. Malipo ya kumtunza maisha yake yote yalihesabiwa kufika karibu dolari milioni 71.

Neno moja tu. Na sisi tunajua hiyo shida. Huku Kivu mtu akiumwa tumbo muda mrefu, jamaa wanasema «walimupa sumu». Kila mtu hapa anaelewa kwamba ni namna ya kusema. Lakini mfikirie mama wa Fizi anayesema hivyo mbele ya muganga wa Iowa, na mkalimani ni mtoto wake wa miaka 11. Muganga anaweza kuanza kutafuta sumu, ao kuita polisi, wakati ugonjwa ni vidonda vya tumbo.

Sheria ya haki za raia ya mwaka 1964 inakataza hospitali zinazopokea pesa ya serikali kumbagua mtu kwa asili yake, na mahakama na serikali ziliitafsiri kwamba lugha iko ndani. Mwaka 2000 rais Bill Clinton alisaini amri ya kuongeza nguvu hapo. Sheria ya Obama nayo inadai mkalimani anayejua kazi, bila malipo kwa mgonjwa. Mwezi wa tatu 2025, rais Donald Trump alitangaza Kiingereza kuwa lugha rasmi ya nchi na akafuta ile amri ya mwaka 2000. Lakini amri ya rais haifuti sheria ya bunge: haki ya mkalimani hospitalini bado iko. Ila haki bila mtu wa kuikumbusha inalala.

Lugha inaweza kuumiza kwa njia ingine pia. Katika miaka ya 1970, kule Los Angeles, wanawake wenye asili ya Meksiko walifungwa uzazi katika hospitali ya serikali. Wengine walipewa karatasi ya Kiingereza kusaini wakiwa katikati ya uchungu wa kuzaa, wengine hata hawakujua kilichofanyika. Kumi kati yao waliifikisha kesi mahakamani. Mwaka 1978 hakimu aliwakatalia. Alisema ilikuwa shida ya kutoelewana tu. Kesi waliipoteza, lakini kelele yake ilifanya karatasi za ruhusa zianze kuandikwa kwa Kihispania. Watoto na wajukuu wa wale mama bado wako hai. Ukiwauliza kwa nini wanaogopa hospitali, si ujinga. Wanakumbuka.

Kufuli ya tatu: woga

Hii njo kufuli mbaya kuliko zote, kwa sababu haionekani, na inamfunga hata mtu mwenye haki kamili.

Rudi kwenye ile familia ya chungu kimoja. Mtoto ni raia. Ana haki ya Medicaid. Lakini ili kumuandikisha, baba asiye na karatasi anapaswa kuandika jina lake, adresi yake, kazi yake. Anajiuliza: hii karatasi itaenda wapi?

Mwaka 1994, watu wa California walipiga kura kwa sheria iliyotaka hospitali na shule zikatae watu wasio na karatasi na kuwaripoti. Mahakama iliisimamisha, lakini habari yake ilikuwa imekwisha kuingia ndani ya nyumba. Kuna pia kanuni ya zamani sana, ya tangu mwaka 1882, inayosema mgeni anayeweza kuwa «mzigo kwa serikali» anyimwe ruhusa ya kukaa. Mwaka 2019 serikali ya Trump iliipanua hiyo kanuni mpaka Medicaid ikaingia ndani kwa watu wengi. Serikali ya Joe Biden iliiacha mwaka 2021. Lakini kati ya hapo familia nyingi ziliondoa watoto wao katika mipango, hata wale wenye kanuni haikuwagusa kabisa. Kuandika kanuni kunachukua siku moja. Kuondoa woga wake kunachukua miaka.

Mwezi wa kwanza 2025, serikali ilifuta maagizo yaliyokuwa yanazuia maofisa wa uhamiaji kukamata watu ndani ya hospitali, shule na makanisa isipokuwa kwa sababu kubwa. Mwezi wa sita mwaka huohuo, ikajulikana kwamba habari za watu walioandikishwa Medicaid, pamoja na adresi zao, zimepewa ofisi zinazoshughulika na uhamiaji. Majimbo kadhaa yalienda mahakamani. Kesi ni jambo la wanasheria. Mama mwenye mtoto mwenye homa hangoji hukumu. Yeye anasikia tu kwamba jina lake linaweza kuuzwa, na anabaki nyumbani.

Watu wa afya wanajua nini kinafuata. Chanjo zinarukwa. Mama mwenye mimba anafika mara ya kwanza siku ya kuzaa. Ugonjwa wa sukari, wenye unawashika Walatino karibu 12 kati ya 100 huku wazungu ni karibu 7, unagunduliwa wakati mguu tayari umeoza. Saratani ya shingo ya uzazi, yenye kipimo chake ni chepesi, inawapata wanawake wa Kilatino zaidi kuliko wanawake wazungu.

Ajabu ya miaka

Hapa kuna jambo lenye linashangaza wataalamu. Pamoja na shida yote hiyo, Walatino kwa wastani wanaishi muda mrefu kuliko wazungu wa Marekani. Mwaka 2019, mtoto wa Kilatino alitegemewa kuishi karibu miaka 82, mzungu karibu 79. Wengine wanaeleza kwamba wanaohama ni wenye nguvu, wengine kwamba hawavuti sigara sana, wengine kwamba familia zinabebana. Hakuna jibu moja.

Wanasiasa wengine walichukua hiyo hesabu na kusema: mnaona, hawahitaji kitu. Kisha ikaja korona. Walatino walikuwa viwandani na mashambani, kazi zisizofanyika kwa kompyuta nyumbani. Kule Waterloo, katika jimbo la Iowa, kiwanda kimoja cha nyama kilipata wagonjwa zaidi ya 1,000 mwaka 2020. Mstari wa kukata nyama ulikuwa na Walatino, Wabosnia, watu wa Burma, na Wakongomani. Walisimama bega kwa bega, lugha tofauti, ugonjwa mmoja. Kufika mwaka 2021, yale matumaini ya miaka 82 ya Walatino yalikuwa yameshuka chini ya 78. Nguvu ya familia ni kitu kikubwa, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya muganga.

Wenye walifungua

Haitakuwa haki kuacha msomaji na giza tupu. Tangu miaka ya 1960 kuna vituo vya afya vya jamii vyenye kusaidiwa na serikali kuu. Mwaka 1962 rais John Kennedy alisaini sheria ya afya ya wafanyakazi wa mashamba wanaohamahama, na mwaka 1965 vikaanza vituo vya mitaa ya maskini. Leo ni karibu mashirika 1,400, yanahudumia watu zaidi ya milioni 30, na zaidi ya theluthi moja ni Walatino. Kanuni yao ni rahisi: hakuna anayefukuzwa kwa kukosa pesa, bei inafuata kipato chako.

Na kuna wanawake wanaoitwa promotoras. Ni majirani waliopewa mafundisho, wanatembea nyumba kwa nyumba, wanaeleza sukari, mimba, chanjo, wanamsindikiza mtu mpaka mlangoni. Msomaji wetu atawatambua mara moja: ni ma-reco wetu, wale relais communautaires wa kila avenue. Marekani, pamoja na mashine zote, iligundua kitu chenye sisi tunakijua: mtu anaamini kwanza sauti ya jirani.

Lakini reco hawezi kumpa mtu asiransi. Anamfikisha mlangoni. Kufuli ni la serikali, na huko upepo umegeuka. California, iliyofungua mpango wake kwa kila mtu maskini bila kuuliza karatasi mwaka 2024, imefunga uandikishaji mpya wa watu wazima wasio na karatasi tangu Januari 2026. Illinois ilifunga wake kwa watu wa miaka 42 hadi 64 mwezi wa saba 2025. Msaada wa ziada wa kununua asiransi sokoni uliisha na mwaka 2025. Na sheria kubwa iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 inapunguza Medicaid: ofisi ya hesabu ya bunge lenyewe ilikadiria kwamba watu wapatao milioni 10 zaidi watakuwa bila asiransi kufika mwaka 2034.

Tarehe ya kushika: 1 Oktoba 2026

Tumefika kwa jambo letu. Mpaka sasa mkimbizi alikuwa na nafasi nzuri kuliko wahamiaji wengine: alifika, na Medicaid ikafunguka bila kungoja ile miaka 5. Sheria ya Julai 2025 inaondoa hiyo nafasi. Tangu tarehe 1 Oktoba 2026, mtu mwenye bado yuko na hadhi ya mkimbizi ao ya hifadhi peke yake, bila kadi ya mkaaji wa kudumu, anatoka katika orodha ya wenye haki ya Medicaid ya kawaida. Mkongomani aliyefika kwa njia ya kisheria, na ndege ya kisheria, anasogezwa kwenye kiti cha yule Mlatino tuliyemzungumzia tangu mwanzo.

Kwa hiyo, wewe mwenye una kaka, shangazi ao mtoto kule, ukimpigia simu jumapili, usiulize tu habari ya baridi. Muulize mambo haya.

Je, ameomba kadi ya mkaaji wa kudumu? Mkimbizi anaruhusiwa kuomba baada ya mwaka 1. Faili inaweza kukawia, kwa hiyo asikae nayo.

Je, anajua kituo cha afya cha jamii kilicho karibu naye? Pale atapokelewa hata bila asiransi, na kwa bei ya kipato chake. Aulize pia kanuni za jimbo lake, hasa kwa watoto na wenye mimba, maana majimbo hayafanani.

Je, anaomba mkalimani? Aseme wazi, «Kiswahili» ao «Kinyamulenge» ao «Kibembe», na aseme ni Kiswahili cha Kongo. Asimtumie mtoto. Asitikise kichwa kama hajaelewa. Asisaini karatasi yenye hajasomewa.

Na akiwa katika hatari ya maisha, aende chumba cha dharura. Ile sheria ya 1986 bado inasimama.

Huku kwetu tunapigania barabara, dawa na mishahara ya waganga, na tuna haki kupigania hivyo. Lakini mambo ya Walatino yanatuonya juu ya siku yenye hivyo vyote vitakuwepo. Serikali yetu nayo imeanza kusema juu ya afya kwa wote, na mpango wa kuzaa bure umeanza katika majimbo kadhaa. Basi tukisikia kwamba hospitali mpya imefunguliwa, tuulize tena: ni nani atalipa, watamsikiliza mama wa kijijini kwa lugha gani, na je, mtu aliyekimbia kutoka jimbo lingine bila karata ya uchaguzi ataingia bila woga? Maswali hayo matatu ni bora yaulizwe wakati ukuta bado unajengwa.